Mikono Mifupi ya Kwaya ya Kerende

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimepewa daftari. Mtu mzima wa miaka arobaini na tisa, mkata nguo mkuu wa Zilpa Mavazi hapa Bomani, nimepewa daftari kama mtoto wa chekechea!

Madam Zilpa, bosi wetu, karudi jana kutoka semina ya siku tatu Musoma. Semina ya viongozi wa biashara ndogo. Kaja na madaftari, kalamu za bluu, na maneno mapya: usalama wa kisaikolojia. Aliyasema mara sita kabla ya chai.

Maana yake, kwa alivyotueleza: kazi inakwenda vizuri pale ambapo mtu anaweza kusema "nimekosea" au "sijui" bila kuogopa kuchekwa wala kufukuzwa. Haya. Kuanzia leo, kila Jumatatu saa mbili asubuhi kuna Kiti. Chenyewe ni kile cha plastiki cha wateja. Unakaa, unataja udhaifu wako mmoja, wenzako wanasema "asante kwa kutuamini," unainuka. Jioni unaandika kwenye daftari unavyojisikia. Hakuna atakayelisoma, kasema. Ole wake atakayelisoma.

Tuko wanne ukimtoa bosi. Alianza Tabitha, wa pasi na vifungo. Alikaa, akaweka kanga yake vizuri, akasema yake atayasema siku ya kiyama kwa mwenye haki ya kuuliza. Akainuka. Akafuata Sheila wa mashine ya overloki, binamu yake Madam, katoka Migori mwaka jana. Akasema aki yeye matundu ya vifungo hayajawahi kumtoka sawa, na yale mazuri tunayomsifia huwa ni Joram anayemfanyia. Tulicheka sana!

Joram ni kijana wa cherehani. Ana miezi minne hapa, bado yuko kwenye majaribio. Alisema fundi wake wa kwanza, kule Sirari, alimzoesha kukunja pindo kubwa, inchi mbili nzima, na mkono ukijisahau hurudi kulekule. Anajirekebisha. Alisema kwa sauti ndogo, macho chini. Madam karibu alie kwa furaha. Asante kwa kutuamini, Joram!

Mimi nikasema udhaifu wangu ni kuipenda kazi kupita kiasi.

Asante kwa kutuamini, wakasema. Tabitha akakohoa.

Madam mwenyewe hakukaa. Eti yeye ni mwezeshaji.

Sasa ukweli, kwa kuwa hapa niko peke yangu. Sioni karibu. Mbali naona — mbuzi akiwa juu ya kilima nakwambia ni wa nani. Lakini namba za kwenye futi ya kupimia, tundu la sindano, ujumbe wa simu, vyote ukungu. Mwaka wa pili huu. Ndiyo maana naandika kwa herufi kubwa namna hii, mistari saba na ukurasa umejaa. Hakuna anayejua, hata nyumbani. Mkata nguo asiyeona futi si mkata nguo, ni mtu mwenye mkasi. Madam akijua, ile meza yangu ya kukatia anapewa mwingine, na mimi kazi nyingine siijui.

Jumanne, 15 Julai

Kazi kubwa! Kwaya ya Wasabato wa Kerende. Majoho ishirini na nane, zambarau, ya kuvaa kwenye makambi yao ya ibada. Kiongozi wao ni Mwalimu Nyangwine, mrefu mpaka aliinama mlangoni. Kaja na waimbaji wote juu ya lori. Wanayataka Ijumaa tarehe mosi Agosti kabla jua halijazama. Likizama ni Sabato, na hawatapokea hata kifungo.

Kwenye vipimo nina mbinu zangu. Nilimwambia Sheila: shika futi, pima, soma kwa sauti, andika. Nataka ujifunze. Mimi nikasimama pembeni nimekunja mikono. "Vizuri. Rudia hapo begani." Sheila alifurahi mno. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akasema mafundi wengi wana choyo na ujuzi wao, lakini huyu mzee, Mungu ambariki. Nikaona aibu kidogo. Kidogo tu.

Tumeyagawa mafungu mawili, ya wembamba na ya wakubwa. Kumi na nne, kumi na nne.

Alhamisi, 17 Julai

Siku ya kukata.

Mbinu yangu ya kukata ni hii. Karatasi ya vipimo naitundika kwenye msumari, ukuta wa mbele ya meza. Narudi nyuma hatua mbili, nasoma, narudi mezani. Watu wanadhani natafakari! Siku moja nilimsikia Joram akimwambia mteja kwamba mzee akirudi nyuma vile, anaiona nguo nzima kichwani imeshashonwa. Sikumsahihisha.

Leo nimefika, pale kwenye msumari kuna bango. Madam kalichapisha jana, rangi tatu, kubwa kama shuka: HAPA KOSA SI ADHABU, NI SOMO. Limefunika ukuta mzima. Nikamuuliza kama lisingependeza zaidi upande wa dirishani. Akaniuliza kwa nini, fundi, bango linakusumbua? Nikasema hapana, zuri sana.

Basi karatasi nikaishika mkononi. Nikanyoosha mkono mpaka bega likalia. Siku hizi mkono wangu umekuwa mfupi. Sheila naye anaandika namba ndogo, kama anaogopa kumaliza kalamu. Fungu la wakubwa, urefu wa mkono wa joho: ishirini na... Ishirini. Nikaigeuza kwenye mwanga. Ishirini. Joram alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Ningemwambia tu "nisomee hapa." Maneno mawili! Sikumwambia.

Nikakata. Tabaka kumi na nne kwa mkato mmoja. Kitambaa kilikatika vizuri ajabu.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani walinipa nisome neno. Nikafungua Biblia katikati, nikatazama kwa heshima, nikasoma Zaburi ya ishirini na tatu. Kwa kichwa. Ni mara ya nne mwaka huu. Mchungaji kasema ndugu Nchagwa ana mapenzi ya pekee na Zaburi hii. Mke wangu Eunice alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Jumatatu, 21 Julai

Kiti tena. Leo palichangamka. Sheila kasema bado tundu la kifungo linamshinda, lakini juzi Tabitha kamfundisha na moja limetoka kama tundu. Hata Tabitha alilegea! Kakiri kwamba mwezi wa tano aliunguza kola ya shati la mteja, akaishona upya bila kumwambia mtu, na mteja akarudi kushukuru. Tulicheka mpaka watu wa duka la jirani wakachungulia.

Joram kasema majoho anakunja nusu inchi kama alivyoelekezwa. Kajifungia uzi mwekundu kwenye kidole ili asijisahau. Akatuonyesha kidole.

Mimi nikasema nakoroma.

Tabitha: huko ni kukiri shida ya mkeo, fundi, yeye ndiye anayeteseka. Madam kaandika kwenye daftari lake, nadhani kaandika "maendeleo."

Alhamisi, 24 Julai

Sijui nianzie wapi.

Saa nne walikuja watatu wa Kerende kujaribu. Mwalimu Nyangwine na waimbaji wawili wa besi, wote wa fungu la wakubwa. Wakavaa. Mabegani sawa, urefu sawa, kola safi kabisa. Mwalimu Nyangwine akainua mikono kama anavyoongoza wimbo — na mikono ya joho ikapanda, ikapanda, ikasimama karibu na viwiko! Yule wa besi mmoja akasema tumekua ghafla. Hakuna aliyecheka.

Inchi tatu. Zimepungua inchi tatu, majoho yote kumi na manne.

Madam alivuta pumzi kama walivyofundishwa Musoma. Unahesabu mpaka kumi. Alifika saba. Halafu uso ukabadilika, kama mtu aliyekumbuka alipoweka funguo. Joram! Si ulisema mwenyewe, pale kwenye Kiti, kwamba unakunja pindo la inchi mbili?

Joram alisimama kwenye cherehani. "Madam, hapana. Nimekunja nusu inchi. Fumueni muone."

Madam: nifumue mbele ya wateja? Ulisema mwenyewe, Joram! Kwa kinywa chako!

Joram akasema tena, fumueni. Madam akachukua joho moja akanipa. Fundi, wewe ndiye mkubwa hapa, hebu angalia. Ni pindo?

Wote wakanitazama. Nikaushika ule mkono wa joho. Nikaupapasa, nikausogeza mbali, nikausogeza karibu. Sikuona kitu.

Nikasema, "Inawezekana."

Hilo tu. Neno moja. Madam akamwambia Joram akae nyumbani mpaka atakapoitwa. Joram akafungua ule uzi mwekundu kidoleni, akauweka juu ya cherehani, akatoka. Aliniambia "baki salama, mzee" wakati anapita.

Sijisikii vizuri. Ndiyo hivyo, daftari. Umeniuliza ninavyojisikia, ndiyo hivyo.

Ijumaa, 25 Julai

Cherehani ya Joram imefunikwa. Tabitha kapata dawa ya yale majoho: kuongeza mkanda mweupe wa inchi tatu kwenye kila mkono, bila kufumua pindo, ionekane ni mtindo. Mwalimu Nyangwine kakubali kwa simu, ila lazima aone kwa macho. Basi majoho yamepona. Aliyebaki ni Joram.

Jioni nyumbani Nkende ujumbe ukaingia kwenye simu. Nikaisogeza, nikaisogeza. Eunice akaninyang'anya. Yeye ni mwalimu wa darasa la kwanza, hana subira na asiyesoma. Akasoma kwa sauti: "Shikamoo mzee. Nashukuru jana hukunisema vibaya mbele ya wageni. Najua ungekuwa umeona kosa langu ungelisema wazi. Ukipata nafasi niombee kwa Madam. Wako, Joram."

Eunice akaweka simu mezani. Akauliza huyu Joram kafanya nini. Nikamwambia hajafanya kitu. Akauliza basi nani kafanya.

Nikamwambia. Yote. Futi, msumari, bango, ishirini. Miaka ishirini na mbili ya ndoa na sijawahi kuongea mfululizo hivyo.

Unajua alifanyaje? Alicheka! Alicheka mpaka akashika ukuta. Kwa hiyo ile Zaburi! Kwa hiyo nilivyosuka nywele mwaka jana hukuona? Nikasema niliziona, kwa mbali. Akacheka tena. Halafu akajipangusa macho, akasema taratibu: lakini huyo mtoto wa watu, Nchagwa. Huyo mtoto wa watu kakuamkia shikamoo.



Jumapili, 27 Julai

Miwani!

Baada ya ibada Eunice alinipeleka kwa yule muuza miwani wa sokoni, anayeitandaza juu ya ubao. Alinikamata mkono kama mtuhumiwa. Nikajaribu ya kwanza: ukungu. Ya pili: ukungu mzuri kidogo. Ya tatu — jamani! Eunice alikuwa kashika pakiti ya chumvi mbele yangu. Nikasoma yote, mpaka tarehe ya kuisha. Muuzaji akapiga makofi.

Halafu nikamtazama Eunice. Ana mikunjo pembeni mwa macho, ya kucheka. Sikujua ipo. Ameipata lini? Nimeipenda mno, nikamwambia pale pale sokoni, akaniambia niache ujinga watu wanatuangalia.

Nyumbani nikatoa ile karatasi ya vipimo, niliondoka nayo mfukoni ile Alhamisi ya kukata. Fungu la wakubwa, mkono: ishirini na tatu. Tatu nzima, nono, imekaa vizuri kabisa! Hata kipofu angeiona. Hapana, kipofu hakuiona, ndiyo shida yenyewe.

Basi sasa najua kwa hakika. Kosa ni langu.

Kesho ni Kiti. Nitasema. Eunice kasema nisiposema atakuja yeye kukaa.

Jumatatu, 28 Julai

Sikusema.

Miwani ilikuwa mfukoni. Nilipanga kukaa wa kwanza. Lakini Madam alipouliza nani anaanza leo, kila mtu akainamia kazi yake. Akamwita Sheila. Sheila akasema, "Aki mimi siongei kitu. Joram aliongea, si mmeona kilichompata?"

Madam akasema hapa kosa si adhabu. Akaonyesha bango. Tabitha alikuwa anapiga pasi mkanda mweupe, hata hakuinua kichwa. "Madam, ng'ombe akimwona mwenzake kachinjwa penye chumvi, hatalamba tena." Madam akauliza, na kola? Tabitha akasema ile kola hakuiunguza, alitania tu.

Mbaya ni hii: wiki iliyopita tulikuwa tunacheka. Nilikuwa nakikejeli Kiti, lakini kilikuwa kinafanya kazi! Watu walikuwa wanasema kweli, isipokuwa mimi. Sasa wote wamejifunza kusema uongo, na aliyewafundisha ni neno langu moja.

Kikao kilichukua dakika nne. Nilitahiriwa asubuhi ya baridi ya Desemba, ukoo mzima umesimama, wajomba wananiangalia usoni, na sikupepesa kope. Leo nimeshindwa na kiti cha plastiki.

Na miwani nayo siwezi kuivaa. Nikiivaa leo, hata mteja wa barabarani atajumlisha moja na moja.

Eunice kaniuliza. Nikasema bado. Kalala kanipa mgongo.

Jumanne, 29 Julai

Madam kaniita chumba cha stoo, akafunga mlango. Nikajua nimekwisha. Kumbe anataka ushauri! Kesho asubuhi Mwalimu Nyangwine anakuja kuyaona majoho, na Joram kaitwa aje kuchukua vitu vyake. Anamwachisha. Anataka niwepo, maana fundi mkuu akiwepo mambo yanakuwa na heshima.

Nikamwambia Madam, hukufumua. Akasema nifumue nini, wewe uliangalia.

Halafu akakaa juu ya jora la kitambaa, akaanza kusugua magoti. Kaniambia jambo. Kule semina, mkufunzi aliwaambia wazi kwamba kiongozi ndiye anakaa kwenye kiti wa kwanza. Wa kwanza kabisa. Yeye kalificha hilo. Kwa sababu gani? Kwa sababu hajui kushona! Yawa, kasema kwa Kijaluo chake, fundi, nimerithi ofisi hii kwa marehemu mama yangu, miaka kumi na moja, na sijawahi kushona mstari ukanyooka. Wateja wakinipa nguo mkononi huwa najifanya simu inaita.

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Miaka kumi na moja! Yeye anaikimbia sindano, mimi naikimbia futi, na ofisi nzima inatuita wakubwa. Nikamuuliza kwa nini ananiambia mimi. Akasema kwa sababu wewe hujawahi kukosea, mtu asiyekosea hawezi kunicheka.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Pazuri kuliko pote. Nikafungua mdomo, nikasema: Madam, kesho kabla Joram hajaingia, kaa wewe kwenye kile kiti, useme hilo la kushona. Ukishasema, na mimi nina langu.

Lako lipi? akauliza. Si umeshasema unakoroma?

Mteja akagonga. Nikaponea hapo. Kesho, basi.

Jumatano, 30 Julai

Saa tatu kasoro, asubuhi. Naandika nikiwa kazini, kwenye kile chumba kidogo cha kujaribia nguo, nimevuta pazia. Nimesimama. Daftari liko juu ya goti, mguu juu ya kigoda. Mwandiko utakuwa mbaya lakini niandike, maana nikitoka hapa sijui nitakumbuka kipi.

Madam alikaa. Kwa kweli alikaa! Saa mbili kamili, mbele ya Tabitha, Sheila, na Mwalimu Nyangwine aliyefika mapema na kuambiwa asubiri, naye akabaki palepale amesimama na joho mkononi. Madam alisema sijui kushona. Akasema tena, hata kifungo. Sheila akashika mdomo. Tabitha ndiye aliyevunja: tulijua, Madam, simu yako huwa inaita ikiwa imezimwa! Basi kicheko kikalipuka, hata Mwalimu Nyangwine, hata Madam mwenyewe, machozi yanamtoka. Asante kwa kutuamini, tukasema, na safari hii haikuwa maneno ya semina.

Hapo Joram akaingia. Na mfuko wa plastiki wa kubebea vitu vyake. Alidhani tunamcheka yeye. Niliona sura yake ikijifunga. Alituamkia mmoja mmoja, akaenda moja kwa moja kwenye cherehani, akaanza kukusanya: mkasi wake mdogo, kikombe cha chai, pini.

Nikakaa kwenye kiti. Hakuna aliyeniita. Nikatoa miwani, nikaivaa. Sheila akasema, "Wah! Mzee!" Tabitha alinitazama tu, na nadhani yeye alijumlisha palepale.

Nikasema: Joram, acha kukusanya. Mikono niliikata mimi. Sioni karibu, mwaka wa pili. Sheila aliandika ishirini na tatu, mimi nikasoma ishirini. Pindo lako ni nusu inchi. Hata lingekuwa la inchi mbili, lisingemeza tatu.

Madam alichukua joho kwa Mwalimu Nyangwine, akachukua kiwembe, akabandua mkanda mweupe, akafumua pindo. Yeye, asiyejua kushona, kafumua vizuri kuliko nilivyotegemea. Nusu inchi, mkono hadi mkono. Akakaa chini na joho magotini. Akamwambia Joram nisamehe. Mara mbili. Na mimi hakuniangalia kabisa. Sijui meza ni yangu au si yangu. Nilifikiri hilo ndilo litakaloniuma, lakini sivyo.

Nilidhani Joram atafurahi. Nilikuwa nimeshaandaa uso wa kupokea shukrani, mjinga mimi! Hakufurahi. Alishika kikombe chake cha chai kwa mikono miwili, akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mzee, ulijua tangu lini?"

Nikasema naomba dakika tano. Nikaingia huku.

Jibu la kwanza ni Jumapili. Ndilo nililoandika humu. Nilivaa miwani, nikaona ile tatu, nikajua. Watalikubali. Ni jibu zuri, lina ushahidi, Eunice ni shahidi, muuza miwani ni shahidi. Mzee alikuwa haoni, alipoona akaja akasema. Hata Madam atanitazama tena.

Lakini nimerudi nyuma kusoma Alhamisi ile ya kujaribu majoho. Nimesoma vizuri, nina miwani. Nimeandika niliupapasa mkono wa joho. Nimeandika sikuona kitu. Ni kweli, sikuona. Ila mimi ni fundi wa miaka ishirini na saba. Kutofautisha pindo la nusu inchi na la inchi mbili hakuhitaji macho, hata gizani hukosei, moja ni jembamba kama mshipa, jingine unalishika kama mkanda. Nililishika. Lilikuwa jembamba. Vidole vilijua kabla Madam hajamaliza kuuliza, na mdomo ukasema inawezekana. Nimelidanganya mpaka daftari, ambalo hakuna anayelisoma!

Nasikia Sheila anamuuliza Tabitha kwa sauti ya chini, mzee yuko sawa? Tabitha anasema mwacheni.

Nikisema Jumapili, Joram atarudi kwenye cherehani na kuniita mzee kama zamani. Nikisema Alhamisi, sijui ataniita nani.

Kigoda kimelia. Joram yuko upande wa pili wa pazia, naviona viatu vyake chini. Hajalifungua. Anasema hana haraka, mzee, anasubiri.